Pikipiki ya Kale Ndani ya Masanduku

Mazungumzo ya leo yanahusu amali ambayo wengi wataihesabu kuwa ni mchezo wa watu wenye nafasi, nami siwalaumu kwa dhana hiyo kabla hawajanisikiliza. Nayo ni amali ya mtu ambaye hajapata kufungua injini maishani mwake, ambaye ujuzi wake wa spana haukupita kukaza nati ya baiskeli, kisha akanunua pikipiki ya zamani ambayo kwa hakika si pikipiki tena, bali ni masanduku kadhaa ya vyuma, fremu iliyoegemezwa ukutani na magurudumu mawili yaliyoliwa na kutu, akaazimu kuirudisha katika hali iliyotoka nayo kiwandani.

Watu wa namna hii wapo, tena si haba, hususan Uingereza, ambako vyombo vilivyoundwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia bado hupatikana katika vibanda vya nyuma ya nyumba, vimefunikwa magunia na vimesahauliwa. Na chombo kinachomwangukia mwanagenzi mkononi mara nyingi, kwa kuwa kiliundwa kwa wingi na bei yake ilikuwa ya watu wa kawaida, ni ile pikipiki ndogo ya kampuni ya BSA iitwayo Bantam. Nitaishika hiyo iwe mfano wetu, maana mazungumzo ya ufundi yasiyotaja chombo maalumu hayamfai mtu.

Kampuni ya BSA ilianzishwa na mafundi wa bunduki wa Birmingham mwaka 1861, na hata ilipokwisha ingia katika biashara ya baiskeli na pikipiki haikuiacha nembo yake ya bunduki tatu zilizoegemezana. Mwaka 1948 ikatoa Bantam ya kwanza, ile waliyoiita D1: injini ya sentimita za ujazo 123, silinda moja, gia tatu, uzito wa kilo 70 hivi, na bei ya pauni 60 kabla ya kodi, ambayo karani au mwalimu wa skuli wa siku zile aliweza kuifikiria bila ya kukosa usingizi. Zile za kwanza kabisa zilitengwa kwa ajili ya masoko ya ng'ambo, kwa kuwa Uingereza ilikuwa imetoka vitani na madeni, nayo ikihitaji fedha za kigeni. Baadaye zikaenea nchini mwao wenyewe, na vijana wa posta waliokuwa wakipeleka simu za maandishi majumbani wakawa wanazipanda zikiwa zimepakwa rangi nyekundu. Ziliendelea kuundwa, aina baada ya aina, mpaka mwaka 1971.

Nasaba yake, hata hivyo, ni ya Kijerumani. Injini ile ilibuniwa katika mji wa Zschopau na kampuni ya DKW, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1930 iliunda pikipiki iitwayo RT 125, chombo chepesi kilichowapendeza wajuzi kwa namna kilivyousukuma moshi nje ya silinda kwa mzunguko wa hewa yenyewe, bila ya kuhitaji pistoni yenye nundu kichwani. Vita vilipokwisha, michoro yake ikachukuliwa na washindi katika jumla ya fidia, kila mmoja akaenda nayo kwao: Warusi wakaunda yao Moscow, Harley-Davidson wakaunda yao Marekani, na BSA wakaigeuza michoro upande kwa upande, kulia ikawa kushoto, ili kanyagio la gia likae kulia kama ilivyokuwa desturi ya Waingereza. Yamaha nao, walipounda pikipiki yao ya kwanza mwaka 1955, wakafuata ruwaza hiyo hiyo. Kwa hivyo fundi wetu wa Tanga au wa Kisumu aliyezoea kufungua Yamaha AG100, ile pikipiki ya moshi wa samawati ambayo mabwana shamba wengi wameipanda, akioneshwa tumbo la Bantam hatajiona mgeni sana.

Sasa tuyarudie masanduku. Mtu hujiuliza, chombo kizima kilifikaje humo? Kisa chake aghalabu ni kimoja. Miaka mingi nyuma mwenyewe alikifungua kwa nia njema kabisa, kwa sababu ringi zilikuwa zimechoka au gia ilikuwa ikiruka; na kwa kuwa jioni ile alijua kila skrubu imetoka wapi, hakuona haja ya kuandika. Kisha likazuka jambo: kazi ya mbali, mtoto, maradhi, nyumba ya kupanga iliyombidi aihame, vyuma vikatiwa makoponi na masandukuni, akasema nitarudi, asirudi. Warithi wakaja kuuza wasichokijua. Basi anayenunua masanduku yale amenunua kutu, na kutu ina dawa. Lakini amenunua pia elimu iliyovunjika, ambayo ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja na ikaondoka pamoja naye. Mwanagenzi yu katika hali ya aliyekabidhiwa shanga za mkufu uliokatika, naye hajapata kuuona mkufu wenyewe. Na hilo ndilo ninalotaka kulisimamia leo, kwamba kazi yake ya kwanza ni kuirudisha ile elimu, na kwamba wengi wanaoshindwa hushindwa hapo, kabla hawajashika spana.

Hapa kwetu fundi wa bodaboda hufungua injini ya pikipiki aina ya Boxer chini ya mwarobaini na kuifunga kabla ya magharibi, nami namvulia kofia. Lakini chombo kile amekifungua mara nyingi, kila kitu chake amekiona kikiwa mahali pake, na kipuri kinachokosekana kipo dukani ng'ambo ya barabara. Mwanagenzi wa Bantam hana hata moja katika hayo. Yeye huanzia kwenye kichwa cha fremu, pale usukani unapopita, ambapo kiwanda kilipiga herufi na tarakimu. Fremu za Bantam za mwanzo zisizo na springi nyuma huanza kwa YD1, na zenye springi, ambazo zilikuja baadaye kidogo, huongezewa herufi S. Na injini ina namba yake yenyewe, ambayo katika miaka ile haikuwa lazima ilingane na ya fremu, jambo linalowatia wanagenzi hofu ya bure wakidhani wameuziwa mali ya wizi. Namba zikishajulikana, hutafutwa kitabu cha vipuri cha mwaka wake. BSA walivichapisha vitabu hivyo kwa uangalifu wa kupendeza: kila mchoro unaonesha sehemu moja ya chombo ikiwa imetawanywa, kila nati na washa yake katika mstari mmoja, na kila kitu kimepewa namba, nyingi katika za Bantam zikianzia na 90. Mtu akikaa na kitabu hicho juma zima kabla ya kugusa chochote, jirani zake watasema ni mvivu, na waseme.

Kisha hufuata kuhesabu. Vitu vyote vimwagwe juu ya turubai, vioshwe kwa mafuta ya taa, vipangwe kwa jamaa zake, vya breki na breki, vya klachi na klachi, na kila kilichotambuliwa kitiwe alama kitabuni. Hapo ndipo inapodhihiri siri ya masanduku ya aina hii, kwamba ndani yake hamna pikipiki moja: mna pikipiki moja na robo, kasoro nusu. Patakuwa na kabureta mbili na hakuna hata mkono mmoja wa klachi. Patakuwa na madigadi ya D7, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1959, ambayo muuzaji ataapa kwamba yalitoka kwenye chombo hiki hiki. Orodha ya vilivyopo na visivyokuwapo ikikamilika, mwanagenzi amekwisha jua zaidi kuliko aliyemuuzia.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo la hesi, kwa sababu hapo ndipo vilipoharibikia vyombo vingi vya Kiingereza mikononi mwa watu wema. Siku hizi tumezoea milimita: spana ya 10, spana ya 13, na mambo yakaisha. Bantam karibu haijui milimita nje ya silinda yake, ambayo kipenyo chake cha 52 na mwendo wake wa 58 viliachwa kama vilivyotoka Ujerumani. Mhandisi Joseph Whitworth alipendekeza mwaka 1841 kwamba hesi za Uingereza zote ziwe na meno ya pembe ya digrii 55, na taifa likamfuata; lakini watengenezaji wa baiskeli wakawa na hesi zao za digrii 60, na watengenezaji wa pikipiki, ambao wengi walitoka katika baiskeli, wakazitumia zote mbili katika chombo kimoja. Sasa angalieni mtego ulipo: boliti ya robo inchi katika zile nyembamba za Whitworth ina meno 26 kwa inchi, na boliti ya robo inchi ya baiskeli ina meno 26 vile vile. Kwa macho hazitofautiani. Nati ya hii huingia katika boliti ya ile duru mbili tatu kwa ridhaa, kisha ikawa nzito, na mwanagenzi, akidhani ni kutu, akaongeza nguvu. Na kama boliti hiyo inaingia katika kava ya aluminiamu iliyo laini, meno yaliyodumu miaka sabini hufa kwa dakika moja.

Spana nazo zina desturi yake. Tarakimu iliyopigwa juu ya spana ya Whitworth hutaja unene wa boliti, wala haitaji upana wa kichwa cha nati, kwa hiyo anayepima nati kwa rula akaenda dukani kuomba spana ya kipimo hicho atarudi na kitu kisichofaa. Dawa yake ni kununua seti moja ya spana hizo za kale katika masoko ya vitu vilivyokwisha tumika, pamoja na kipimo cha hesi, yale majani membamba ya chuma yenye meno, kimoja kwa kila pembe. Na kuapa kutotumia kabisa spana inayokaribia kuenea.

Ama injini, hiyo huwadanganya watu kwa wepesi wake wa kutazamwa. Ni injini ya mapigo mawili, haina valvu, na vitu vinavyokwenda ndani yake ni pistoni, kondrodi na krenki tu. Lakini injini ya namna hii hupumua kwa tumbo: mchanganyiko wa hewa na petroli huingia kwanza chini, penye krenki, ukasukumwa juu pistoni inaposhuka; kwa hiyo tumbo lile lazima lizibwe barabara, na kazi hiyo hufanywa na sili zilizo pande mbili za krenki. Sili zilizokauka sandukuni zikirudishwa kwa ajili ya ubakhili, injini itavuta hewa isiyotakiwa, itawaka kwa shida, itapata moto kupita kiasi, na mwenyewe atashinda akiichokoa kabureta isiyo na kosa lolote. Krenki yenyewe haikufungwa kwa boliti. Imeshindiliwa kwa mtambo, na kuitenganisha ili kubadilisha beringi ya chini ya kondrodi kunataka mtambo kama ule na jicho lililozoea kunyoosha. Kazi hiyo apelekewe fundi mwenye karakana, bila ya kuona haya. Ipo fahari ya kitoto ya kutaka kusema nimefanya yote peke yangu, nayo imezivunja krenki nyingi.

Yaliyobaki anayaweza, akiwa na subira. Kila mfereji wa ringi katika pistoni una kijiti kidogo kinachozizuia ncha za ringi zisizunguke zikanasa katika matundu ya silinda, na anayeziweka ncha mbali na kijiti atazisikia zikikatika anapoteremsha silinda. Na kile kizuizi chembamba cha waya kinachoishika pini ya pistoni kina tabia ya kuruka. Basi mdomo wa tumbo uzibwe kwa kitambaa safi kabla hakijaguswa, la sivyo kitatumbukia penye krenki na kazi yote irudi mwanzo.

Jambo moja hulisahau hata mafundi wazoefu. Bantam nyingi za mwanzo hazina betri. Cheche na taa hutoka katika magneto ya Wico-Pacy iliyomo ndani ya gurudumu zito la krenki. Sumaku za zama zile zikitengwa na chuma chake, zikakaa sandukuni miaka na miaka bila ya kipande cha chuma cha kuunganisha ncha zake, hupungukiwa nguvu. Mtu atabadilisha koili, atabadilisha platini, kondensa na plagi, na cheche ibaki hafifu ya manjano. Kumbe sanduku lenyewe ndilo lililoila sumaku. Wapo wenye mtambo wa kuitia nguvu upya, na heri aanze kwao kabla ya kununua hivyo vingine.

Nasaha yangu kubwa, ambayo najua haipendwi, ni kwamba rangi ikae mwisho kabisa. Mwanadamu huvutwa na matokeo ya haraka: fremu imekwisha sugwa kwa msasa, kopo la rangi lipo, na Bantam ya 1948 ilikuwa na rangi moja ya kupendeza, kijani hafifu kilichofunika fremu, tangi na madigadi pamoja, kwa nini asiipake? Asiipake kwa sababu bado haijathibitika kuwa ni chombo. Kwanza irakibishwe yote ikiwa vile vile ilivyo, yenye madoa, magurudumu yaingie mahali pake, cheni ikae mstari mmoja mbele na nyuma, madigadi yasiguse tairi, kanyagio la breki lifike linapotakiwa kufika. Hapo ndipo itakapoonekana kwamba fremu imepinda kwa ajali ya kale ambayo hakuna aliyeisimulia, kwamba sikio la kushikia injini lina ufa unaotaka kuchomelewa, kwamba upande wa kushoto kuna uwazi mdogo unaodai washa isiyokuwamo sandukuni. Yakigunduliwa hayo kabla ya rangi, ni kazi ya mchana mmoja; yakigunduliwa baada yake, ni hasara na ghadhabu. Na siku ya kupaka ikifika, hesi zote zizibwe, vikombe vya beringi vifunikwe, na pale umeme unaporudi katika fremu paachwe chuma kitupu, kwani ile rangi nene ya siku hizi inayookwa katika tanuri huuzuia umeme barabara, na taa inayokataa kuwaka katika chombo kinachong'aa imewaliza watu wazima.

Ipo khitilafu baina ya wapenzi wa vyombo vya kale, nayo ni ya mawazo kuliko ya vyuma: wapo wanaotaka chombo kimeremete kuliko kilivyopata kumeremeta siku ya kuzaliwa kwake, na wapo wanaotaka kila mkwaruzo ubaki. Mimi siwafuati kikamilifu hawa wala wale. Bantam ilikuwa chombo cha mtu wa kazi, na kuitia kromu mahali palipokuwa na rangi ni kuisingizia nasaba isiyo yake. Tangi lililosuguliwa na magoti ya mwenyewe wa kwanza, likiwa halivuji, na ile picha ya jogoo mdogo, alama ya Bantam, bado inaonekana ubavuni, naona libakie hivyo, kwa sababu rangi ya asili ikishakwanguliwa hairudi. Lakini katika breki, tairi, nyaya na beringi, mapenzi ya ukale hayana nafasi; tairi lililopasuka ubavuni litupwe, hata likiwa ndilo lililotoka kiwandani.

Watauliza wenye hesabu: je, kuna faida? Faida ya fedha hakuna, na anayemwambia mwanagenzi vinginevyo yumkini anataka kumuuzia masanduku yake. Ukijumlisha bei ya masanduku, tairi mpya za inchi 19, beringi, sili, pistoni, kazi ya kukereza silinda, spoki na rimu, aghalabu utapata jumla inayoishinda bei ya Bantam nzima inayotembea. Mwenye haja ya kusafiri na anunue hiyo inayotembea. Aliyetaka kukijua chombo ndiye atakayeridhika, maana kikimzimikia njiani hatakuwa na haja ya kuuliza kwa nini.

Na siku ya kuiwasha, asisahau kwamba petroli yake huchanganywa na mafuta ya injini, takriban sehemu 20 kwa 1, kwa kuwa krenki ile haina mafuta mengine yanayoifikia. Petroli tupu huiua injini mpya katika safari yake ya kwanza. Kabla ya kupiga kiki plagi ichomolewe, iegemezwe kwenye silinda, itazamwe cheche. Moshi utakuwa mwingi na jirani watalalamika, na haki ni yao. Kisha ziwe safari fupi fupi, na baada ya kila moja spana irudi mkononi, kwani nati za chombo kilichofungwa upya hulegea.

Huku kwetu Afrika Mashariki, pikipiki za Kiingereza za zama za ukoloni zimekwisha adimika, na zilizobaki haziko barabarani. Yamkini mmoja wenu, katika ghala la marehemu babu yake, iwe ni Mombasa, Unguja, Moshi au Nakuru, ana fremu iliyoegemezwa ukutani na sanduku la vyuma ambavyo hakuna nyumbani anayevijua. Namwomba huyo asivifungue zaidi ya vilivyofunguliwa. Na kabla hajamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, akwangue kutu taratibu pale kwenye kichwa cha fremu, aandike herufi na tarakimu atakazoziona, na aziweke pamoja na kadi ya chombo katika bahasha moja.